Nilitoa 1KZ nikaweka 5L kwenye Prado: miezi 14 kwenye milima ya Bukavu

MtuWaPanzi (Bukavu)

Wandugu, humu ndani nyuzi za kubadilisha moteri ni nyingi, na karibu zote zinakatika siku ile moteri mpya inawaka. Mtu anaweka picha tatu, anapewa hongera, anapotea. Hakuna anayerudi kutuambia anaishije na hilo gari asubuhi ya mvua, watoto nyuma wanagombana na mama yao anauliza kwa nini kunanuka ambreyaji (klachi). Mimi nimerudi.

Gari ni Prado KZJ95, usukani kulia, otomatiki, ilikuja kutoka Japani kupitia Dar. Ndani ilikuwa na 1KZ-TE: mazuti, silinda nne, lita 3, turbo, na pampu inayoongozwa na kompyuta. Kazi yake ya kila siku ni mitaa ya hapa Bukavu: Panzi, Essence, Nyawera, shule ya watoto Nguba, mimi nashukia Muhumba. Jumamosi Kavumu kwa wazee. Mara moja kwa mwezi Uvira, narudi na mchele wa bonde la Ruzizi na samaki.

Ilivyokufa: kwa wiki kadhaa nilikuwa naongeza maji, nusu lita kila siku tatu, na chini ya gari hakuna hata tone. Alfajiri moja, gari limelala usiku mzima, nikafungua boneti na kushika bomba la raba la juu la radiateri. Gumu kama ndizi mbichi. Moteri ya baridi kabisa, bomba limevimba. Nikalegeza kifuniko polepole, kikatoa pumzi ndefu, kisha mapovu. Nikawasha, mapovu hayakuisha. Fundi wangu hakuhitaji hata kufungua: kulasi imepasuka, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Ugonjwa wa 1KZ, kila mtu anaujua.

Nilikuwa na njia tatu. Kununua kulasi mpya pamoja na valvu zake, na kazi yote, nilihesabiwa kama dola 1,700. Kuleta 1KZ ya okaziyo (iliyotumika) kutoka soko la Kisekka, Kampala, lakini nani ataniambia kulasi ya hiyo nayo haijapasuka? Au kuachana na huo ukoo kabisa na kuweka 5L, mazuti, lita 3 vilevile, bila turbo, bila kompyuta. Watu wote wakaniambia 5L haifi. Nikachukua hiyo. Ilitoka kwenye Hilux 4x4, na nawaomba mlishike hilo: ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya HiAce, na kata yake ya oili (lile bakuli la chini ya moteri) ilikuwa inagonga difu ya mbele. Tulipoteza siku mbili kabla hatujairudisha.

Sasa matokeo.

Kwenye karatasi 1KZ ina farasi kati ya 125 na 145, kufuatana na toleo. 5L ina kama 97. Nguvu ya kuvuta, 1KZ inakwenda newton-mita 290 na kuendelea kwenye mizunguko 2,000 tu, 5L iko karibu na 200. Nilijua. Nilichokuwa sijakipima ni hewa. Bukavu tuko karibu mita 1,500 na hewa ni nyembamba kwa kama asilimia 15 kuliko pwani. Turbo inajisukumia hewa yenyewe, inafidia sehemu kubwa. 5L inavuta iliyopo. Kwa hiyo zile farasi 97 zimepimwa chini huko, kwangu hapa hazifiki 85. Siku ya kwanza niliposhuka nayo Uvira, kwenye mita 770 na kitu, mke wangu aliniuliza kama nimeongeza kitu kwenye gari.

Kupanda mlima wa Ngomo, nikirudi kutoka Uvira na magunia manne ya mchele: zamani otomatiki ilikuwa inajichagulia, napanda kwa 45 bila kufikiri. Sasa ni vitesi (gia) ya pili, 25, wakati mwingine 30, na lori la saruji nyuma yangu linapiga honi. Lori la saruji, wandugu.

Mazuti nimeandika kwenye kajitabu, najaza hadi shingo kila mara. Mjini 1KZ ilikuwa lita 13.5 kwa kilomita 100, 5L ni 12.2. Safari ya Uvira ziko sawa, maana 5L inapanda ikilia.

Kuwaka asubuhi: 5L safi, nusu mzunguko. Kelele: zaidi. Moshi mweusi nikikanyaga mlimani, mwingi kidogo. Joto: mshale unasogea juu ya nusu nikiwa Ngomo, lakini fundi anasema 5L ndivyo ilivyo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni buati. Kompyuta ya 1KZ ndiyo iliyokuwa inaongoza otomatiki. Ukitoa moteri, otomatiki inabaki haina akili. Ikabidi kununua buati ya mkono, pedali, ambreyaji, kukata chuma sakafuni. Hesabu yote ilifika dola 3,100. Na mke wangu amejifunzia otomatiki. Kuanzia katikati ya mlima wa Kadutu, soko limefurika, pikipiki mbili zimekubana nyuma, na ambreyaji… Tuliibadilisha mwezi wa tisa.

Kwa matumizi ya kila siku sijui niseme nini. Nalala vizuri, ila naendesha vibaya. Nani ameweka 3RZ ya esanse kwenye gari kama hili? Au amebadilisha difu peke yake?

KijanaWaGerezani (Dar es Salaam)

Mkuu, uzi mzuri, ila tutafsirie. Moteri ni injini, hiyo nimeelewa. Mazuti ni dizeli? Kulasi ndiyo silinda hedi? Buati ni giaboksi?

Halafu mkuu, dola 3,100! Mimi nauza spea hapa Gerezani. Ungechukua silinda hedi mpya, gasketi, boliti mpya, ungerudishiwa chenji ya kupeleka familia Bagamoyo. 5L ni injini ya kazi, ya HiAce na Hilux za shamba. Prado ni zito, na difu yako imebaki ile ya 1KZ, ndefu mno, yaani ya mbio na si ya kuvuta, kwa huyo kijana uliyemweka. Ndiyo maana unapigiwa honi na saruji.

MtuWaPanzi (Bukavu)

Tafsiri zote ni sawa, mkuu. Esanse ni petroli.

Kuhusu hesabu, najua sasa. Wakati ule nilikuwa na hasira na ile moteri. Mtu mwenye hasira hapigi hesabu.

FundiWaKadutu (Bukavu)

Mdogo wangu wa Panzi, nimesoma mara mbili. Niko kwenye garaje tangu enzi za Zaire, na katika maneno yako yote kuna moja limenisimamisha: mshale unasogea juu ya nusu. Huyo aliyekuambia 5L ndivyo ilivyo, mwambie nimemsalimia.

Nikuulize. Ulipobadilisha moteri, radiateri ilikuwa ipi? Kifuniko kipi? Kapile ya feni, kile kiungo kinachoizungusha, ipi?

Wasomaji wengine nisikilizeni kidogo. Maji kwenye sufuria pwani yanachemka kwenye 100. Hapa Bukavu yanachemka karibu 95, ndiyo maana maharage yetu yanakula makala mengi. Ndani ya gari kifuniko cha radiateri ndicho kinachobana yale maji yasichemke mapema. Kile kilichoandikwa 0.9, kikiwa kizima, hapa kwetu maji yatapita 115 kabla ya kuchemka. Springi ikichoka au raba ikipasuka, umerudi kwenye 95. Na moteri ya mazuti inayopanda mlima inafanya kazi hapohapo. Maji yanaanza kuchemka ndani ya kulasi, kandokando ya valvu, mahali pembamba kuliko pote. Pale penye mvuke hapana maji, na chuma kinabaki peke yake na moto.

Dereva haoni kitu. Mshale wa joto wa Toyota umetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda na kushuka sana, ili mwenye gari asisumbuke. Ukianza kuuona unasogea, umechelewa.

Halafu fikirini mlima wenyewe. Ngomo unapanda kwa 25. Upepo wa mbele hakuna. Feni ndiyo peke yake inayopoza, na ile kapile yake ya mafuta ya silikoni ikizeeka inazunguka kivivu. Uwashe gari likiwa la moto, uzime, uguse feni: ikizunguka huru kama ya mtoto kuchezea, kapile imekufa.

Kulasi za 1KZ zinapasuka, kweli, ni za aluminiamu na ni dhaifu pale kati. Lakini ninazo 1KZ mbili hapa mjini nazitunza miaka mingi, kulasi ni zilezile za Japani. Wenyewe wananunua kifuniko kipya kila baada ya miaka miwili, bei yake haifiki hata kuku.

MtuWaPanzi (Bukavu)

Mzee Fundi, shikamoo. Radiateri ni ileile. Iliooshwa lakini, niliona mwenyewe maji yanatoka safi. Kifuniko ni kilekile. Kapile… ilikuja na 5L.

FundiWaKadutu (Bukavu)

Marahaba. Iliooshwa kwa mpira wa bustani, sivyo? Maji yanapita kwenye mirija iliyo wazi, yanatoka safi, mnafurahi. Ile iliyoziba haikuambii kitu. Lipeleke likafunguliwe tanki la juu. Mimi nangoja hapa.

MamaWawili (Goma)

Nyinyi wanaume mnaongea farasi, farasi. Niongeze ya kwangu, ni gari dogo.

Nina RAV4 ya mwaka 2001. Ilikuja na moteri ya D4, ile ya lita 2 inayopuliza esanse moja kwa moja ndani ya silinda. Japani, nasikia, ni nzuri sana. Hapa Goma nilikuwa nanunua kwa kadafi (muuza esanse wa barabarani) pale kona ya nyumbani, kwenye kidumu cha njano, na kila mtu anajua kidumu cha njano kimepita wapi. Miezi sita: asubuhi haiwaki, ikiwaka inatetemeka, nikisimama kwenye rondi-pwani (mzunguko wa barabara) inazima. Nikasafishiwa nozeli mara mbili. Pampu yake ya nguvu kubwa nikaambiwa bei, nikakaa chini.

Fundi akaniwekea 1AZ-FE, lita 2 vilevile ila ya kupuliza kwa kawaida, na nyaya zake na kompyuta yake zote. Fundi wa kwanza alitaka kuacha kompyuta ya D4 «ili kupunguza gharama», nikamfukuza, na namshukuru Mungu hadi leo.

Tofauti ya kuendesha? Kwenye karatasi zinapishana kidogo. Mimi Goma naendesha juu ya mawe ya volkano, vitesi ya tatu ni ya Jumapili. Sijawahi kutamani nguvu zaidi. Natamani gari ambalo likiwashwa saa kumi na mbili linawaka, na lisilonidai esanse ya kifalme. Hilo nimepata. Kuna taa moja ya njano kwenye dashibodi haizimi mwaka wa pili huu, tumezoeana.

Baba Panzi, mpe pole huyo mke wako anayepanda Kadutu na ambreyaji mpya. Ulimuuliza kabla ya kutoa otomatiki?

MtuWaPanzi (Bukavu)

Mama, sikumuuliza. Usiku huu amesoma swali lako juu ya bega langu.

MwanaKamalondo (Lubumbashi)

Jambo bakubwa. Huku kwetu hakuna mlima wa kuongelea, kwa hiyo nawaletea upande mwingine.

Carina Ti, ilikuwa na 5A-FE, esanse, lita 1.5. Nilikuwa nakwenda Likasi mara mbili kwa wiki, kilomita 120, na kazi kubwa barabarani ni kupita malori ya madini. Na 5A, kupita lori moja ni mpango wa mwezi mzima: unakanyaga, unaomba, unamtazama anayekuja. Nikaweka 7A-FE, lita 1.8. Ni ndugu za tumbo moja, vikalio vyake vya moteri vinakaa bila kukata chuma. Tofauti ni kwamba pistoni ya 7A inasafiri ndefu zaidi, milimita 85.5 dhidi ya 77, kwa hiyo bloku imepanda juu kidogo na bomba la ekzosi la mwanzo halikufika vizuri, tukaliunga.

Shida niliipata kwenye akili yake. 7A nyingi za Kijapani ni zile za mchanganyiko mwembamba, zinabania esanse ukitembea taratibu, na zina kihisio chao cha peke yake kwenye ekzosi. Mekanisiye aliiacha na kompyuta ya 5A. Gari likawa linatembea, huwezi kusema limekufa, ila ukitoka taa za barabarani linakohoa mara mbili ndipo linakwenda, na linakunywa lita 11. Nikakubali hali hiyo miezi minne! Nilipopata kompyuta yake halisi na kihisio chake, likashuka hadi 8 na kitu kwenye njia ya Likasi, na kukohoa kukaisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi kwa tambarare naisifu moteri kubwa kidogo ya ukoo uleule. Mukubwa wa Panzi aliruka ukoo, ndiyo maana kila kitu kilimdai.

KijanaWaGerezani (Dar es Salaam)

Huyu wa Lubumbashi kaongea. Mambo ya kompyuta ndiyo yanaua nusu ya swapu (kubadili injini) ninazoziona. Mteja ananunua injini, hataki waya. Baada ya wiki mbili anarudi kuniambia injini yangu mbovu.

Jambo jingine, huku kwetu namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukibadili unapeleka ikaguliwe na kadi irekebishwe, la sivyo siku ya kuuza utaitwa mwizi. Hata kama huko hawakusumbui, tunza risiti na karatasi za forodha za hiyo injini.

Kwa Mkuu wa Panzi, kama hela ipo, usihangaike na 3RZ. Weka 1KD. Lita 3, turbo, komoni reli (kompyuta inapuliza dizeli kwa presha kubwa), inapanda mlima kama inashuka.

FundiWaKadutu (Bukavu)

1KD ni moteri tamu, sikatai. Nitakuambia nilichokiona ndani yake. Chini ya kila nozeli kuna kipete cha shaba. Kikianza kuvujisha, moshi wa silinda unaingia kwenye oili, unafanya masizi mazito kama ugali ulioungua, yanakwenda kuziba chujio la chini kwenye kata. Oili haipandi tena. Dereva anasikia kelele, anaongeza redio. Anayekagua vile vipete mapema ana gari la maisha, asiyejua ananunua moteri nyingine.

Na mazuti ya kidumu cha njano, kama ile esanse ya Mama wa Goma, tukiyaweka kwenye komoni reli itachukua muda gani? Pampu ya 5L itayameza na kulalamika. Ile nyingine haitalalamika, itakufa tu. Dar mna stesheni kila kona na mashine za kusoma makosa. Bukavu mashine hizo zinahesabika.

3RZ si mbaya. Inawaka, haina kelele, kulasi haina historia. Lakini Prado, milima, mjini: andaa lita 16 na zaidi za esanse. Na haina turbo, kwa hiyo hewa yetu itaikata vilevile. Umefungua radiateri?

MtuWaPanzi (Bukavu)

Siku nane baadaye. Nimefungua.

Nilikaa pale kwa mchomeleaji kuanzia saa mbili. Akapasha moto ukingo, akafungua tanki la juu, akaniita. Safu ya mbele ina mirija 41, nimehesabu kwa kucha. Kumi na saba imeziba kabisa. Mingine ina midomo iliyobaki kama tundu la sindano. Uchafu wenyewe rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake vipande vigumu vinavyong'aa kidogo. Mchomeleaji akavisaga kwa vidole akacheka: ni ule unga wa kuziba mivujo. Kuna mtu, kabla yangu au mikononi mwangu, aliumwaga humo ili gari liuzike au lirudi nyumbani. Uliziba tundu lililokuwa linavuja, ukaendelea na kazi.

Kifuniko nikakiweka juu ya meza na kukibonyeza kwa kidole gumba kimoja. Kikaingia bila kubisha. Kipya nilichonunua, nimetumia gumba mbili na bado kinanitazama.

Kapile ya feni ilifanya hivyohivyo ulivyosema, Mzee. Nilizima moteri ya moto, nikaipiga kwa kidole, ikazunguka raundi tatu. Nimebadilisha.

Jumamosi nikaenda Uvira kwa makusudi, na magunia manne yaleyale ya mchele. Ngomo yote, vitesi ya pili, mshale haukusogea hata unene wa unywele. Juu kabisa nikasimama, nikaacha moteri ikizunguka dakika tano, nikashika bomba la juu: lamoto, ila linabonyea.

Sasa nimekaa na hesabu ya pili ambayo sikuitaka. Ile 1KZ haikuwa na ugonjwa wa ukoo. Ilipikwa, na jiko lilikuwa langu. Na nikamchukua 5L wa watu, nikamweka kwenye jiko lilelile, miezi 14. Ningebadilisha kulasi kama nilivyotaka mwanzo na kuacha radiateri ile, kulasi mpya nayo ingepasuka, na leo ningekuwa humu nawaambia 1KZ ni takataka. Ningeapa kabisa.

Kama ningeanza upya: kulasi, radiateri, kifuniko, kapile, na otomatiki inabaki mahali pake. Jumla isingefika dola 2,300. Na mke wangu angekuwa bado ananiongelesha kwenye mlima wa Kadutu.

FundiWaKadutu (Bukavu)

Sawa. Nimefurahi hukuona aibu kuandika.

Mawili yamebaki. Ule moshi mweusi: pampu ya 5L inapima mazuti kwa mashine, na kama haina kifaa cha kufidia mwinuko inamwaga kama iko pwani. Hewa imepungua, mazuti hayajapungua, yanayozidi yanatoka meusi kwenye ekzosi na mengine yanapasha moto moteri bure. Kuna vijana watakuambia wakuongezee skrubu upate nguvu. Wakatae. Nenda kwa mtu wa pampu akupunguzie kidogo, robo mzunguko na kujaribu mlimani, hadi moshi ubaki kivuli tu. Nguvu haitapungua, na kajitabu chako kitafurahi.

La pili difu. Tafuta za LJ95, ni Prado hiyohiyo iliyotoka kiwandani na moteri ya mazuti isiyo na turbo, kwa hiyo meno yake yamehesabiwa kwa mnyonge. Mbele na nyuma zote mbili, usithubutu moja, 4x4 itavunjika siku ya kwanza ya matope. Utapoteza mbio kwenye lami ya Kavumu, lakini mlimani utaingia vitesi ya tatu.

MtuWaPanzi (Bukavu)

Pampu nimeshapanga kwa Jumatano. Difu nitaitafuta polepole, nimejifunza kutonunua kwa hasira.

MamaWawili (Goma)

Na otomatiki? Umeiuza?

MtuWaPanzi (Bukavu)

Niliiuza, Mama. Dola 350. Aliyeinunua ana 1KZ nzima, nakutana naye Nyawera karibu kila asubuhi, ananipungia mkono.

KijanaWaGerezani (Dar es Salaam)

Mkuu, na ile 1KZ yenyewe? Bloku kama ni nzima na turbo ipo, mimi nina mteja. Kranki imepimwa?

MtuWaPanzi (Bukavu)

Bloku ni nzima, kranki haijaguswa, turbo ipo na pampu ipo. Iko nyuma ya garaje hapa Essence chini ya bati, kuku wa fundi wametagia kwenye silinda ya tatu. Mteja wako aje na gari lake na radiateri yake, ya kwangu haiendi naye.